Jioni Niliyotaka "Watu Wote" Ishinde

Mwezi wa Februari 2018, nikiwa mwanafunzi mjini Minneapolis, nilinunua tikiti mbili za kutazama filamu fupi tano zilizokuwa zikiwania tuzo ya Oscar, na hukumu yangu ilikuwa tayari kabla taa za ukumbi hazijazimwa: nilitaka "Watu Wote" ishinde. Nilikuwa nimefundisha katika kaunti ya Mandera, kaskazini mashariki mwa Kenya, hadi shule zilipofungwa mwishoni mwa mwaka 2014. Siku chache baada ya mimi kusafiri kurudi kwetu Nakuru, tarehe 22 Novemba, basi lililotoka Mandera lilitekwa na watu 28 wasiokuwa Waislamu wakauawa, walimu wakiwamo. Januari ilipofika sikurudi darasani.

"Watu Wote" inasimulia basi jingine. Desemba 2015 Al-Shabaab walilisimamisha basi lililokuwa likielekea Mandera, wakaamuru abiria wajitenge kwa dini zao, na Waislamu wakakataa, huku wanawake wakiwapa Wakristo mitandio yao wajifunike. Salah Farah, naibu wa mwalimu mkuu, alipigwa risasi siku hiyo na akafariki mwezi uliofuata. Filamu iliongozwa na Katja Benrath, Mjerumani, ikiwa kazi yake ya kuhitimu masomo mjini Hamburg, lakini iliigizwa na watu wa kwetu kwa Kiswahili na Kisomali, na sikuwa nimewahi kuwazia kwamba ningeketi katika ukumbi wa Marekani nikisikia Kiswahili huku Wamarekani wakisoma tafsiri chini ya picha.

Niliyekwenda naye alikuwa mzee mzaliwa wa Mandera, jirani yangu, ambaye tangu aliposikia nilikofundisha hakuniita kwa jina lolote ila Mwalimu.

Filamu ya Australia, "The Eleven O'Clock", inahusu daktari wa akili na mgonjwa anayeamini kwamba yeye ndiye daktari. Imeundwa kwa ustadi, nikacheka, na nilipotoka nje haikuwa imeniachia kitu. "My Nephew Emmett" ilikuwa nzito zaidi. Inamfuata Mose Wright katika usiku ule wa Agosti 1955, Mississippi, wazungu walipokuja kumchukua mjukuu wa dada wa mkewe, Emmett Till, kijana mweusi waliyemuua, nayo inatuweka pamoja na mzee yule katika kungoja kwake, tukijua anachokiogopa na tukijua kwamba kitatimia.

Iliyonishinda nguvu ni "DeKalb Elementary". Kijana anaingia shuleni na bunduki, na karani wa mapokezi, akiwa kwenye simu na polisi, anazungumza naye taratibu mpaka anakubali kuiweka silaha chini. Imetokana na tukio la kweli la mwaka 2013 katika jimbo la Georgia, na karibu yote inapita ndani ya chumba kimoja, bila muziki wa kutuambia tuhisi nini. Sisi tuliitazama siku chache tu baada ya wanafunzi na wafanyakazi 17 kuuawa katika shule ya Parkland, Florida, tarehe 14 Februari, na ukumbini hakuna aliyekohoa.

Baadaye tulikaa kwenye mkahawa wa Kisomali, na nikamwambia mzee kwamba pamoja na hayo yote tuzo ni yetu. Alikoroga chai yake kwa muda mrefu kabla ya kunijibu.

"Mwalimu, mimi nimelia. Lakini umeona tulivyoingizwa humo? Tunaletwa na macho ya yule mama Mkristo anayetuogopa. Sisi tunaanza kuwa watu pale tunapomwokoa."

Nilimpinga. Nilisema kwamba mama huyo, Jua, aliyechezwa vizuri sana na Adelyne Wairimu, amefiwa na mume na mtoto mikononi mwa magaidi, na kwamba woga wake si wa kubuni, kwa sababu mimi mwenyewe nimeubeba. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akasema kwa upole kwamba ndiyo maana filamu imenifaa mimi kuliko yeye. Sikuwa na jibu. Bado naiona ni filamu njema, lakini tangu jioni ile siwezi kuitazama bila kutamani dakika chache za Salah Farah akiwa darasani, ubao nyuma yake, kabla hajawa shujaa wa mtu yeyote.

Jumapili ya tarehe 4 Machi tulikusanyika nyumbani kwake, Wakenya na Wasomali tisa mbele ya runinga moja, wakati kwetu ilikuwa alfajiri ya Jumatatu. Ilishinda "The Silent Child", filamu ya Uingereza kuhusu mtoto kiziwi wa miaka minne ambaye mama yake anakatiza masomo yake ya lugha ya ishara. Nilikuwa nimeiweka nyuma ya "DeKalb Elementary" na "Watu Wote", kwa kuwa mwishoni inaandika takwimu kwenye skrini kana kwamba haiamini kwamba yule mtoto ametosha kutuambia. Niliumia, sitaficha. Lakini Rachel Shenton, aliyeiandika na kuigiza ndani yake, alipopanda jukwaani na kutoa shukrani zake kwa mikono na kwa sauti pamoja, kwa sababu alikuwa amemwahidi hivyo mtoto aliyeigiza, mzee alisogeza kiti chake karibu na runinga.

Wengine walipoondoka alinisindikiza mlangoni, akaniuliza swali ambalo nadhani alikuwa amelishikilia tangu siku ya mkahawa.

"Mwalimu, lile darasa lako la Mandera, aliwahi kuletwa mwingine?"

Nilimwambia sijui. Nilikuwa sijawahi kupiga simu kuuliza.