Siku moja maishani mwangu: fundi wa saiti mira (vioo vya pembeni vya gari), Gerezani, Dar es Salaam

Saa 12 asubuhi. Nanyoa ndevu kwa kioo cha duara kilichobonyea katikati. Fokasi yake, yaani umbali kutoka kioo hadi pale mwanga wa mbali unapokusanyika, ni sentimita 40, kwa hiyo uso ukikaa sentimita 20 unaonekana mkubwa mara mbili, tena wima. Nikirudi nyuma kupita 40, sura inageuka ukungu mtupu: taswira inaangukia nyuma ya kichwa changu, macho hayaipati. Nikipita 80 najiona tena, ila mdogo, na kichwa chini. Wanangu wanaupenda mchezo huo, ndiyo maana nachelewa daladala.

Saa 2. Nafungua kibanda. Nauza saiti mira, nabandika, na nachora namba ya gari kwenye kioo ili mwizi akose soko. Wateja wa asubuhi wengi wamelizwa usiku.

Saa 4. Dada mmoja anakuja na gari lake, Toyota IST. "Fundi, mbona bodaboda zinanitokea ghafla upande wa kushoto?" Natazama: kuna mtu alimkatia kioo bapa, cha kabati kabisa! Nakibandua, nakishika sambamba na cha mbinuko, vyote vikitazama barabarani. Kwenye bapa kumejaa guta moja tu. Kwenye mbinuko yumo guta, mama lishe, na ukuta mzima hadi kona.

"Lakini humu kila kitu kidogo," anasema.

Ndiyo bei yake hiyo, dada yangu. Kioo cha mbinuko hutawanya mwanga, kwa hiyo taswira hukaa nyuma ya kioo, wima, na siku zote ni ndogo kuliko kitu chenyewe. Chukua kioo ambacho ni kama kipande cha tufe lenye nusu kipenyo cha sentimita 120. Fokasi ni nusu yake, 60. Pikipiki iliyo mita 6 nyuma, taswira yake ina kimo cha 1/11 tu, na imejikusanya kama sentimita 55 nyuma ya kioo. Jicho likiona kidogo linadhani kiko mbali. Kwa hiyo pembeni angalia kama kuna mtu, halafu umbali pimia kioo cha ndani, kile ni bapa.

"Si waweke bapa kubwa basi?"

Lingetaka upana wa mlango. Amecheka, amelipia cha mbinuko.

Saa 7. Wali maharage, haraka.

Saa 8. Mzee wa lori anataka kile kioo kidogo cha juu. Hicho kimebinuka zaidi, tufe lake lina nusu kipenyo cha sentimita 30: pikipiki ileile inashuka hadi 1/41. "Sikitazami kujua umbali," ananiambia, "nakitazama kujua kama kuna mtu kwenye tairi." Madereva wa miaka mingi hawahitaji hesabu zangu.

Saa 10. Taa ya mbele. Ndani yake kioo kimebonyea, na balbu ikikaa kwenye fokasi mwanga unatoka umenyooka. Kijana ameweka balbu ya LED isiyokaa mahali pake, mwanga unapaa juu na kuwapofusha wanaokuja. Nairudisha ya zamani. Ananuna.

Saa 12 jioni. Wa mwisho anataka nimkatie bapa chapchap, eti kesho anasafiri Morogoro. Nimemtuma kijana wangu wa kazi stoo kwa jirani, kuna cha mbinuko cha gari lake.