"Ni kufumua tu": siku moja ya fundi cherehani mwenye kovu kiganjani

Saa 10 alfajiri. Mkono wa kushoto umeniamsha. Gumba, kidole cha shahada na cha kati vimekufa ganzi na vinachoma kama vimepakwa upupu. Nautikisa gizani kama mtu anayekung'uta maji. Siku ya kwanza kwa daktari aliniuliza, ukiamka hivyo mkono unaufanyaje? Nikamwonyesha. Akatabasamu, akaandika.

Leo kosa ni langu, nililala bila banzi. Kifundo cha mkono kina njia nyembamba, kapali taneli kwa lugha ya madaktari, na humo hupita kano tisa za kukunjia vidole pamoja na mshipa mmoja wa fahamu. Nafasi ikipungua, unaoumia ni huo mshipa. Ukilala umekunja kifundo, unaubana mwenyewe usiku kucha. Banzi linakinyoosha tu, halina maajabu mengine. Kidole changu cha mwisho hakijawahi kufa ganzi hata siku moja. Mshipa wake hupita kwingine.

Wa kulia ulipasuliwa wiki 10 zilizopita. Nilichelewa. Nilichomwa sindano ya steroidi, dawa ya kutuliza uvimbe, nikapata nafuu ya miezi michache, nikarudia mkasi kama niliyepona. Kilichonirudisha hospitali ni doa. Nilikuwa napinda satini nyeupe kwa mkono, nikaona tone la damu, nikaanza kutafuta limetoka wapi. Lilikuwa langu. Sindano ilishanichoma kidoleni na sikuwa na habari.

Saa 12 asubuhi, mazoezi: vidole wima, vidole kama ndoana, ngumi, tena. Saa 2 nafungua. Hadi saa 5 nimeweka zipu mbili, nimepinda suruali tatu, na mwanafunzi wangu amekata vitambaa vyote nilivyochora, kwa sababu mkasi mkubwa bado siuwezi.

Kisha akaingia mama mmoja na gauni.

Gauni la sherehe, lenye bitana, limembana ubavuni. Anataka liachiwe pande zote mbili, na analitaka leo. Nikamwambia, mama, naomba uniachie hadi kesho, mkono wangu haujakaa sawa. Akauomba mkono. Nikampa. Akaligeuza lile kovu kwenye mwanga, akasema, "Mbona kidonda kimeshafunga, fundi? Na wewe si unakaa tu, mashine yenyewe ya umeme. Ni kufumua tu."

Ni kufumua tu! Kushona, mashine inasaidia. Kufumua ni gumba na shahada vimebana wembe, mkono wa pili umevuta kitambaa, unakata uzi mmoja, unavuta, unakata mwingine, na jicho halitoki hapo. Hakuna kazi ya cherehani inayoukamua mkono kama hiyo. Na fundi aliyelishona gauni hili (Mungu amsamehe) alipitisha mshono mara mbili, kwa hatua ndogo kabisa, uzi wa rangi ileile ya kitambaa.

Ningekataa. Lakini wiki nne za mwanzo baada ya upasuaji sikushona kitu, na mteja akizoea fundi mwingine harudi. Nikalipokea. Yeye akavuta kiti, akakaa mbele yangu.

Ubavu wa kwanza ulikwenda. Wa pili, katikati ya kwapa na kiuno, maumivu yakaanza. Watu hudhani kovu ndilo linalouma. Langu halina shida. Panapouma ni kwenye kitako cha kiganja, pande zote mbili za kovu, kama nimeegemea kokoto. Daktari aliukata utepe mgumu uliokuwa paa la ile njia ili mshipa upumue. Kazi yenyewe ilikuwa ya dakika chache, niko macho, nimechomwa ganzi ya mkononi tu. Nyuzi zilitolewa siku ya 12. Kilichobaki nyuma ni nguvu ya kushika, na hiyo, nilivyoambiwa, huhesabiwa kwa miezi. Mnofu wa chini ya gumba ulishanyweka, na sina uhakika utajaa tena wote.

Nikaweka wembe chini, nikanyoosha vidole. Yule mama akashusha pumzi, akaangalia saa. Nikaanza tena. Nikaweka chini tena. "Fundi, umechoka?" Nikamjibu hapana, nikaushika wembe kwa hasira, na hapo gumba likaachia. Halikuuma, liliachia tu. Wembe ukapita kwenye bitana, tundu la urefu wa ukucha.

Hakusema neno kwa muda. Halafu akasema yote.

Nililitia kiraka kwa ndani, mahali ambapo hata yeye hakupaona aliponigeuzia gauni na kuniambia nimwonyeshe. Nikashona ubavu, nikapiga pasi kwa mkono wa kushoto. Akaomba nimpunguzie bei. Nikampunguzia.

Baada ya hapo saa sizikumbuki vizuri. Kuna mtu alileta shati la vifungo, kuna mtoto aliyetumwa kuchukua sketi ambayo haikuwa tayari. Mwanafunzi alifagia. Jua lilishazama nilipokaa na vile vifungo. Nilitia uzi kwenye sindano, nikazungusha ncha kwenye kidole cha shahada, nikaiviringisha kwa gumba ili ijifunge fundo, kama nilivyofanya miaka yote. Tangu mwaka jana fundo hilo nalitazama kwa macho kujua kama limefunga. Leo nililisikia. Kitu kidogo kama punje ya mchanga, katikati ya vidole viwili. Nikalikata, nikafunga jingine. Mwanafunzi akaniuliza, fundi, uzi umeharibika? Nikamwambia hapana, endelea na kazi yako.

Nyumbani nimevaa banzi la kushoto mapema, nimekaza mikanda kwa meno maana wa kulia umegoma. Simu ikaita. Yule mama. Gauni limemkaa vizuri ubavuni, ila sasa ameona kwapani linambana kidogo, na huko si ni kufumua tu?

Nimemwambia alete kesho, ila asikae kunisubiri.