Karatasi mbili za Mama

Kipimo cha korona cha Mama kilitoka chanya tarehe 4 Machi 2022, hapa Houston, na safari ya meli ilikuwa imeshalipiwa: kuondoka bandari ya Galveston Jumapili tarehe 24 Aprili, kwenda Cozumel, Mexico, na kurudi. Korona yenyewe haikumsumbua. Mafua, kikohozi kidogo, akakaa chumbani akiwekewa uji mlangoni. Mashaka yalianza alipopona.

Wakati ule kampuni ya meli ilitaka kila abiria aje na kipimo hasi cha ndani ya siku mbili kabla ya kupanda. Kwa aliyeugua karibuni, sharti hilo lilikuwa mtego. PCR, kipimo cha maabara, hutafuta vipande vya chembe za urithi za kirusi, na vipande hivyo vinaweza kubaki puani wiki nyingi baada ya kirusi kufa. Mtu kapona, hamwambukizi yeyote, na mashine bado inasema chanya. Ndiyo maana CDC, taasisi ya Marekani ya kudhibiti magonjwa, haikupendekeza aliyepona apimwe tena ndani ya siku 90 ikiwa hana dalili. Na ndiyo maana meli ziliacha mlango wa pili: badala ya kipimo kipya, lete ushahidi wa kupona.

Nilikuwa kwenye kazi ya kutunza kumbukumbu za wagonjwa, kwa hiyo masharti hayo niliyasoma kwa jicho la mtu anayejua karatasi hukataliwa kwa sababu gani. Zilitakiwa mbili, na lazima zikubaliane. Moja ni majibu ya maabara yenye chanya, ya sampuli iliyochukuliwa si chini ya siku 11 wala si zaidi ya siku 90 kabla ya kupanda. Nyingine ni barua ya daktari kwamba mgonjwa amepona na anaweza kusafiri. Hesabu ilianzia siku pamba ilipoingia puani, si siku majibu yalipotoka, na tarehe hizo mbili mara nyingi hukaa jirani kwenye karatasi moja. Wengi walikuwa wakizichanganya. Wengine walidanganywa na tangazo la CDC la mwisho wa Desemba 2021, lililopunguza siku za kujitenga nyumbani kutoka kumi hadi tano. Meli yetu haikufuata tano. Ilitaka kumi zipite, na ukifikiria watu maelfu wanaokula ukumbi mmoja, siwalaumu.

Majibu yalipokuja nikayaweka mezani kando ya pasipoti. Pasipoti ya Kenya ya Mama ina majina matatu: lake, la babake, la babu. Maabara iliandika mawili, na la babake wakalifanya la ukoo. Hilo pekee labda lingepita. Lililoniumiza kichwa ni tarehe ya kuzaliwa. Pasipoti inasema tarehe 5 Novemba, mwezi umeandikwa kwa herufi. Mama alijaza fomu ya kliniki kama alivyofundishwa shule, siku kwanza, 05/11. Mmarekani huanza na mwezi, kwa hiyo mfumo ulimsajili kuwa amezaliwa tarehe 11 Mei. Karatasi ya kipimo ilitakiwa kumtambulisha mtu kwa vitu viwili, jina pamoja na kingine kama tarehe ya kuzaliwa au namba ya pasipoti. Hapa vyote viwili vilikuwa vya mtu ambaye hayupo.

Kwenye kaunta ya kliniki waliniambia nijaze ombi la kurekebisha kumbukumbu. Sheria ya Marekani inampa mgonjwa haki hiyo, ila inampa mtoa huduma hadi siku 60 kujibu, na meli haingojei hata saa moja. Njia ya haraka ni nyingine: kliniki irekebishe usajili kwanza, kisha iombe maabara itoe majibu yaliyosahihishwa, namba ya sampuli ikibaki ileile. Sampuli haichukuliwi upya, majibu hayabadiliki, kinachobadilika ni kichwa cha karatasi. Ukitaja namba ya sampuli kwenye simu, yule wa upande wa pili huacha kukuzungusha. Tuliipata karatasi mpya, ikiwa na neno dogo juu kwamba imesahihishwa, na majina yote matatu.

Barua ya daktari ilikuwa kituko. Ile ya kwanza kompyuta iliitoa tayari, kutoka kwenye fomu zao za kila siku: mgonjwa anaruhusiwa kurudi kazini bila masharti. Mama amestaafu ualimu miaka mingi. Akaisoma, akavua miwani, akaniuliza, "Mwanangu, wananirudisha darasa la ngapi?"

Tulicheka, lakini barua ile ingemkwamisha. Aliyepewa ruhusa ya kurudi kazini si lazima awe ameruhusiwa kusafiri, na mkaguzi wa bandarini hana mamlaka ya kukisia. Niliwaandikia maneno niliyoyataka yawemo: majina kama yalivyo kwenye pasipoti, tarehe ya kuzaliwa na mwezi wake kwa herufi, tarehe ya sampuli, kwamba muda wa kujitenga umekwisha, kwamba hana homa bila kutumia dawa ya kuishusha, hana dalili nyingine, na anaweza kusafiri. Barua iwe kwenye karatasi yenye anwani na simu ya kliniki, isainiwe, iwe na tarehe. Daktari hakuona ubaya wowote. Madaktari wengi huandika barua mbovu kwa sababu hakuna aliyewaambia nani ataisoma.

Kitu kimoja nilimkataza Mama kabisa, ingawa shoga zake walikuwa wakimshauri kwa simu: asijipime tena "kwa kuhakikisha tu". Kipimo kipya kikitoka chanya wiki ya safari, utaanza kubishana na mtu wa bandarini kama hayo ni masalia au ni maambukizi mapya, na huwezi kushinda ubishi huo. Vipimo vya damu vya kutafuta kingamwili navyo havikukubaliwa. Vinaonyesha tu kwamba uliwahi kukutana na kirusi au chanjo, havisemi lini.

Kupona hakukuchukua nafasi ya chanjo pia. Mama alikuwa amechanjwa AstraZeneca Mombasa, dozi mbili, na cheti chake cha Wizara ya Afya ya Kenya chenye msimbo wa kuskani tulikichapisha. Nilichapisha kila kitu. Simu huzima, intaneti ya bandarini husuasua watu wakishajaa, na karatasi unaweza kumkabidhi mtu mkononi.

Siku ya safari tuliteremka barabara ya I-45 mapema. Ndani ya jengo la abiria foleni ziligawanywa, na wenye ushahidi wa kupona tulipelekwa meza ya pembeni. Mbele yetu kulikuwa na bwana aliyekuwa akionyesha picha, kwenye simu, ya kipimo alichojipimia nyumbani, mistari miwili inaonekana waziwazi. Hakikukubaliwa. Picha haina jina, haina tarehe ya kuaminika, na hakuna mhudumu wa afya aliyeshuhudia. Aliambiwa apimwe palepale, na sijui alitokaje.

Mkaguzi wetu alikuwa kijana mpole mwenye kalamu nyekundu. Alianza na pasipoti, akaenda cheti cha chanjo, kisha majibu. Kalamu ikatembea chini ya jina, neno kwa neno, ikashuka tarehe ya kuzaliwa, ikasimama kwenye tarehe ya sampuli. Akahesabu kwenye kalenda iliyobandikwa mezani. Barua aliisoma mara mbili, akaweka alama ya vema kwenye orodha yake, na kwenye mfumo Mama akaandikwa kuwa hahitaji kipimo.

Folda ya karatasi hizo haikwenda na masanduku ya wapagazi, ilibaki kwenye mkoba wa Mama. Kama angepata homa baharini, daktari wa meli angehitaji kujua kwanza kwamba aliugua tarehe 4 Machi, ili aanze na kipimo cha antijeni, kile cha haraka kinachotafuta protini za kirusi, ambacho hakishiki masalia kwa urahisi kama PCR.