Sahani za kugusa zimetulia, na sasa zinapiga Rast, skeli ya Kiarabu

Hatimaye naweka kidole kwenye shaba, nakiacha hapo, na osileta ya sinthesaiza yangu, sakiti inayotoa sauti, inashika noti moja bila kutetemeka! Nimekesha sana kwa ajili ya sekunde hizo chache.

Mpangilio haujabadilika: sahani 8 za shaba, chipu ya MPR121 inasoma vidole, Teensy, kompyuta ndogo ya bodi moja, inaamua, na chipu ya MCP4728 inatoa volti ya noti. Tatizo lilikuwa geti, ishara inayosema noti ianze au iishe. Bodi ikiwa peke yake kwenye pawabenki, shwari kabisa. Nikichomeka tu waya wa kwanza kwenda kwenye rafu yenye moduli za sinthesaiza, mguso mmoja unafyatua noti tano sita mfululizo, na sahani ya jirani inaitikia bila kuguswa.

Nilipandisha kizingiti cha kugusa mpaka ikanibidi kukandamiza kidole chote. Nikaongeza uchujaji ndani ya chipu: kelele ikapungua, lakini noti ikaanza kuchelewa nyuma ya kidole, na ala inayochelewa haipigiki. Nikafupisha nyaya, nikabadilisha chipu yenyewe. Wapi! Inakera mno kuona kila kitu kiko sawa kwenye mchoro na chombo bado kinabwabwaja.

Multimita haikunisaidia, kwa sababu volti zote zilisoma vizuri. Osiloskopu ndogo ya mkononi ndiyo iliyoonyesha wimbi la 50 Hz, lile la umeme wa ukutani. Kwa kazi hii ningeinunua kabla ya kufikiria pasi ya kulehemu ya gharama. Kisha mkono wa kushoto ukagusa paneli ya chuma ya rafu, na kelele ikakatika papo hapo.

Adapta ya rafu ina pini mbili, haina athi, yaani waya wa ardhini. Ndani ya adapta za aina hiyo kuna kapasita ndogo inayounganisha upande wa umeme wa ukutani na upande wa kutolea, kwa hiyo graundi, ile sifuri ya volti, ya rafu nzima inapanda na kushuka mara 50 kwa sekunde ukiilinganisha na mwili wangu. MPR121 inapima chaji kidogo sana, basi inauona mtikisiko huo kama vidole vinavyokuja na kuondoka. Nikigusa paneli, mimi na rafu tunapanda na kushuka pamoja.

Nimebandika ukanda wa shaba chini ya sahani, mahali kiganja kinapolala, nikauunganisha na graundi. Vizingiti vimerudi 12 vya kugusa na 6 vya kuachia. Adapta yenye athi itafuata.

Hatua iliyopangwa ilikuwa kutumia upana wa kidole kufungua filta. Nimeiweka kando. Don Buchla, mbunifu wa sinthesaiza, alipendelea sahani kuliko kibodi ya piano ili mpigaji asivutwe na mazoea ya piano, na mimi sina sababu ya kubaki kwenye nusu toni 12. MCP4728 kwenye 4.096 V inatoa hatua za milivolti 1. Kwa kuwa oktava moja ni volti 1, robo toni ni kama milivolti 42. Basi Rast imeingia, kwa milivolti: 0, 167, 292, 417, 583, 750, 875, 1000. Ile 292 ndiyo noti ya “mi” ninayoisikia kwenye kanuni, ala ya nyuzi, za taarabu! Noti ya “si”, ile 875, bado naishusha na kuipandisha kwa milivolti chache, kwa sababu wapigaji wenyewe hawaiweki mahali pamoja, na nadhani nitaipa kitasa chake.