Sarafu za Kurudia Mjini

Dereva alinionyesha kisanduku cha sarafu, akatikisa kichwa. Noti yangu ya euro 50 haikuwa na kazi ndani ya basi lile. Nyuma yangu foleni ilikuwa ikilowa mvua ya O'Connell Street, katikati ya Dublin, mji mkuu wa Ireland. Tangu asubuhi nilikuwa na kinyongo: chumba chenye dirisha lisilofunguka nimelipishwa euro 140 kwa usiku mmoja, na chai haimo.

Bibi mmoja aliyekokota mkoba wa magurudumu akanyoosha mkono, akadondosha nauli yake na yangu. "Keti hapa, mwanangu."

Akaniuliza naenda wapi. Niliposema Ballymun, mtaa wa pembezoni mwa jiji, alinitazama vizuri, maana wageni hawaendi huko. Nikamweleza kwamba mimi ni afisa ustawi wa jamii, na kwamba kwa miaka nimemfuatilia Frances Fitzgerald, aliyeanzia kwenye kazi hii hii, Dublin na London, akafika kuwa Tánaiste, yaani naibu waziri mkuu wa Ireland. Nilitaka kuona mitaa ya aina ile inayowafundisha watu wa kazi yetu.

Kumbe bibi alikuwa ameishi mle. Majengo saba ya ghorofa 15, yaliyopewa majina ya watu saba waliotia saini Tangazo la 1916 la kudai uhuru wa Ireland. Lifti ikiharibika, alipanda mpaka ghorofa ya 11 na mtoto mgongoni, kigari cha mtoto mkononi. Dada wa ustawi wa jamii alipanda ngazi zile zile, akifika anahema, anaomba maji kwanza. "Ndiye mtu wa serikali aliyekaa jikoni kwangu bila kutazama saa," alisema. Majengo yote yamebomolewa. Alininyooshea kidole dirishani, mahali lilipokuwa lake, nikaona mawingu tu.

Fitzgerald aliingia bungeni 1992, akapoteza kiti 2002, akarudi kupitia Seneti 2007. Mwaka 2011 akawa waziri kamili wa kwanza wa watoto. Mwaka uliofuata wananchi wakapiga kura ya maoni, asilimia 58 wakakubali haki za mtoto ziandikwe ndani ya katiba. Kabla ya hapo, mtoto wa wazazi waliooana karibu haikuwezekana aasiliwe, hata kama amelelewa na familia nyingine miaka yote. Novemba 2017 alijiuzulu kwa mgogoro wa barua pepe iliyomhusu askari polisi aliyefichua maovu. Mwaka uliofuata tume ya uchunguzi ikaona hakukosea. Kuondoka kwake bila kosa kuliniuma kama ni ndugu yangu.

Nikamfikiria mtoto mmoja huku kwetu Tanzania, miaka tisa, analelewa na jirani tangu anyonye. Jalada lake limezunguka meza nne. Sheria ya Mtoto tunayo tangu 2009, nimeisoma mpaka kurasa zimelegea. Pikipiki ya kunifikisha kwake haina mafuta. Nawaza: anayegawa mafuta hayo amewahi kukaa kwenye kigoda cha jirani yule, akamwona mtoto anavyomshika upindo wa khanga mgeni akiingia?

Bibi alishuka kituo kimoja kabla yangu. Nilijaribu tena kumpa ile noti. Aliisukuma, akafungua pochi, akanihesabia sarafu kiganjani, moja moja, za kunirudisha mjini.