Beseni langu na maji ya Ikweta

Tulipokuwa tunaenda Masaka kwa dada yangu tulishuka Kayabwe, hapa Uganda, pale kwenye duara la Ikweta, na kijana mmoja akatuonyesha maji katika beseni lenye tundu. Hatua chache kaskazini ya mstari yalizunguka kinyume cha saa, hatua chache kusini yakazunguka kama saa, naye akasema ni mzunguko wa Dunia unaoyageuza. Nililipa kama elfu kumi hivi. Mwanangu wa darasa la sita alirudi nyumbani Bombo, kaskazini ya mstari, akimhadithia kila mtu. Mimi sikuridhika. Dunia huchukua saa 24 kuzunguka mara moja, na maji yale yaliisha kwa dakika moja tu. Yangepata wapi muda wa kuuhisi mzunguko huo?

Nikatoboa beseni la kufulia katikati kwa msumari wa moto, nikaliweka juu ya vigoda viwili, ndoo chini. Kizibo nilikikata kwenye kandambili kuukuu.

Siku ya kwanza nilimimina mara sita, na mara zote sita maji yakazunguka kinyume cha saa. Jirani akashangilia: "Si unaona? Sisi tuko kaskazini!" Nilikaribia kukubali. Mara ya saba mkono ulinichoka, nikampa mwanangu jagi. Maji yakageuka, yakazunguka kama mshale wa saa! Tulitazamana. Yeye anatumia mkono wa kushoto. Mimi nilikuwa namimina ukingo wa kulia, yeye ukingo wa kushoto, na maji yalikuwa yanaendelea tu na mwendo tulioyapa, hata pale ambapo jicho liliona yametulia. Yakikaribia tundu mwendo huo huzidi kasi, ndiyo maana mzunguko unaonekana ghafla.

Basi tukaanza kuyalaza. Jioni tunajaza na kufunika, asubuhi tunanyunyiza pilipili manga juu kidogo sana ili mwendo uonekane, na kizibo tunakivuta kwa chini. Ukikivuta kwa juu umeshayakoroga, usiku wote umepotea. Asubuhi nyingine yalizunguka kulia, nyingine kushoto, na nyingi yalishuka karibu moja kwa moja.

Baadaye nikasoma kwamba nguvu ya Coriolis, yaani ile ya mzunguko wa Dunia kupindisha vitu vinavyosogea, ipo kweli. Mwaka 1962 mhandisi Ascher Shapiro aliionyesha kule Marekani, lakini chombo chake kilikuwa na upana wa karibu mita 2, na maji aliyaacha siku nzima yatulie. Tena huko ni mbali na Ikweta. Kwenye mstari wenyewe nguvu hiyo ya kuyageuza maji ya beseni ni sifuri, na hatua chache pembeni haziongezi kitu.

Desemba nikalibeba beseni langu hadi Masaka, kusini kabisa ya mstari. Nikamimina mimi, kinyume cha saa. Akamimina mwanangu, kama saa. Dada akaniita pembeni: "Mdogo wangu, hebu liache hapa mpaka Jumapili, watoto wa shule nao waone."