Kadi ya Muziki ya Zamani na Draiva Iliyokuwamo Tayari

Kompyuta ninayoizungumzia hapa ni ya Pentium 4, ina RAM ya GB 2 na diski ya GB 80, na imekaa chini ya meza yangu hapa Tanga tangu nilipoacha kuitumia kwa kuandikia barua. Sikuirudia kwa mapenzi ya vitu vya kale. Niliirudia kwa sababu ina nafasi tatu za PCI, zile sloti nyeupe za kuchomekea kadi zilizopangana kwenye ubao mama, ambazo kompyuta mpya karibu zote hazina tena, na kwa sababu binamu yangu alipohama nyumba Dar es Salaam alinipa bahasha yenye kadi ya muziki ya M-Audio Audiophile 2496, bila CD yake, bila kitabu cha maelezo na bila ule waya wake wa pini 15. Marehemu baba aliacha kaseti 43, nyingi zikiwa za taarabu iliyorekodiwa arusini, na deki yake ya kaseti bado inazunguka vizuri. Kazi iliyobaki ilikuwa kuzihamishia kaseti hizo kwenye kompyuta kabla ukanda wake haujaanza kubanduka unga.

Kadi yenyewe haina mambo mengi, na hilo ndilo linalonipendeza kwayo. Mgongoni ina matundu manne ya RCA, mawili ya kuingizia sauti na mawili ya kutolea, kwa hiyo zile nyaya nyekundu na nyeupe za deki huingia moja kwa moja bila adapta; MIDI, yaani mawasiliano ya vinanda vya umeme, na sauti ya kidijiti ya S/PDIF hupitia ule waya wa pini 15 nisiokuwa nao, ambao kwa kazi ya kaseti sikuuhitaji. Hupima sauti kwa biti 24, hadi mara 96,000 kwa sekunde. Tundu dogo la sauti lililojengwa ndani ya kompyuta lingeweza kunasa kaseti pia, na nilishalijaribu, lakini lilinasa pamoja nayo mlio mwembamba uliobadilika kila nilipotembeza mausi, na taarabu yenye mlio wa mausi ndani yake si taarabu ya kuhifadhiwa.

Kuichomeka kulichukua dakika kumi. Nilichomoa waya wa umeme, nikabonyeza kitufe cha kuwashia kwa sekunde kadhaa ili umeme uliobaki ndani uishe, nikashika bati la kasha ili nisiiunguze kadi kwa umeme tuli wa mwilini, kisha nikasugua taratibu kwa raba ya shule ule ukingo wa dhahabu unaoingia kwenye sloti, kwa kuwa ulikuwa umefifia. Kadi ya PCI inataka kusukumwa kwa nguvu kuliko mtu anavyothubutu. Mara ya kwanza niliiacha ikiwa imeinuka upande mmoja, na kompyuta haikuiona kabisa.

Jioni mbili zilizofuata nilizipoteza kwenye Windows XP, na kosa lilikuwa langu. Dirisha la kukaribisha kifaa kipya lilipotokea, nilikubali kila lilichoniuliza hadi mwisho, nikidhani mfumo utajua la kufanya. Haukujua. Katika orodha ya vifaa, kadi ilitajwa kuwa kifaa cha sauti kisicho na draiva, yaani programu inayouwezesha mfumo kuzungumza na kifaa, na pembeni yake ikawekwa alama ya kuuliza ya manjano. XP ilitoka mwaka 2001 na Microsoft iliacha kuihudumia tarehe 8 Aprili 2014, kwa hiyo kivinjari kilichomo ndani yake hakiwezi hata kuifungua sehemu kubwa ya tovuti za leo. Ilinibidi nitafute draiva kwa simu, niipakue, kisha niihamishe kwa flashi. Faili la kwanza lilikuwa la Windows za baadaye, jambo ambalo ningelijua kama ningelisoma jina lake lote. La pili lilikuwa la XP kweli, lakini nililitoa kwenye tovuti isiyojulikana inayogawa draiva za kila aina, nalo likaja na programu tatu nisizoziomba, ambazo zilijisakinisha kabla yake na kuifanya kompyuta iwe nzito kama punda aliyebebeshwa mawe. Tangu siku hiyo sipakui draiva ya kifaa chochote pasipo kujua imetoka mkononi mwa nani.

Nilimpelekea kasha hilo fundi mmoja wa Ngamiani, kijana mwenye heshima zake, naye baada ya kuitazama kadi alisema, “Mzee wangu, shida si draiva. Hii kitu umri umeipita. Nunua ya USB, utapumzika.” Ushauri wake haukuwa mbaya, na mwenye fedha mkononi na anunue. Mimi nilirudi nyumbani na kadi yangu, nikaiweka chini ya taa ya meza, na kwa mara ya kwanza nikafanya lile ambalo ningepaswa kuanza nalo: nilisoma kilichoandikwa juu ya chipu kubwa kuliko zote iliyo katikati yake. Palikuwa na maandishi ICE1712, na jina Envy24.

Tangu hapo nilibadili swali. Kwa siku tatu nilikuwa nikitafuta draiva ya kadi ya jina fulani, ilhali draiva haizungumzi na jina lililobandikwa kwenye sanduku. Inazungumza na chipu. Kadi haina mahali pake pa kuuweka muziki. Hupewa sehemu ya kumbukumbu ya kompyuta, yaani bafa, iliyogawanywa vipande, ikakijaza kipande kimoja kwa namba za sauti bila kuisumbua prosesa. Kipande kikijaa, hupiga kengele ya umeme ili prosesa ije kuzichukua namba hizo huku yenyewe ikiendelea kukijaza kipande kinachofuata. Draiva ndiyo inayoitenga sehemu hiyo ya kumbukumbu, inayoiandikia chipu kasi ya kupimia sauti, na inayoiitikia kengele kwa wakati. Chipu ya Envy24 ilitumiwa na watengenezaji wengi: imo kwenye kadi za Delta 44, Delta 66 na Delta 1010, imo kwenye TerraTec EWX 24/96, imo kwenye kadi za Hoontech. Kinachozitofautisha ni vipande vidogo vilivyoizunguka, kama ile AK4528 inayogeuza sauti kuwa namba kwenye kadi yangu, pamoja na kumbukumbu ndogo sana iliyochomwa kiwandani, ambayo draiva huisoma ili ijue imekutana na ndugu yupi wa ukoo huo.

Na draiva ya ukoo huo imo ndani ya Linux, mfumo mwingine wa kuendeshea kompyuta usio wa Microsoft. Mradi wa ALSA, ulioanzishwa na Jaroslav Kysela mwaka 1998, ndio unaobeba draiva za sauti za kerneli ya Linux, yaani kiini cha mfumo huo, tangu toleo la 2.6 lililotoka Desemba 2003, na moduli ya snd_ice1712, ambayo ndiyo draiva ya chipu yangu, ingali humo hadi leo. Niliamua kusakinisha Debian 12, toleo mojawapo la Linux, iliyotoka Juni 2023, kwa sababu prosesa yangu ni ya biti 32 na Debian 13, iliyotoka Agosti 2025, haina tena kisakinishi cha kompyuta za biti 32. Kompyuta hii haikubali kuwaka kutoka kwenye flashi, kwa hiyo nilichoma DVD, jambo ambalo sikulifanya kwa miaka mingi na ambalo lilinigharimu diski mbili zilizoharibika. Nilichagua Xfce, mwonekano wa madirisha ambao hauli RAM nyingi, na baada ya saa moja na nusu hivi nilifungua dirisha la amri, nikaandika lspci, na humo katikati ya mistari kadi yangu ilikuwa imetajwa kwa jina la chipu yake. Amri ya pili, cat /proc/asound/cards, iliniletea jina fupi M2496. Moduli ilikuwa imeshajipakia. Sikusakinisha draiva yoyote.

Hata hivyo, spika zilikaa kimya, na ukimya huo ulinichukua muda mrefu kuliko kazi yote niliyoieleza. Nauandika kwa kirefu kwa kuwa mtu anayekutana nao hudhani draiva imeshindwa, akaanza kuhangaika upya.

Sababu ya kwanza ilikuwa nyepesi. Kadi ya ndani ya kompyuta ilihesabiwa kuwa namba 0 na yangu kuwa namba 1, na programu nyingi hupeleka sauti kwenye namba 0 bila kuuliza. Unaweza kuandika mstari mmoja, options snd_ice1712 index=0, ndani ya faili lililo katika /etc/modprobe.d, lakini mimi niliingia BIOS, ile mipangilio ya kompyuta inayofunguliwa kabla mfumo haujawaka, nikaizima kabisa kadi ya ndani, kwa kuwa sina kazi nayo na ule mlio wake wa mausi siusahau.

Sababu ya pili ilinishangaza. Kadi ina njia mbili tu za kutolea sauti, lakini chipu ya Envy24 ilibuniwa kwa kadi kubwa, nayo huonyesha njia 10 za kutolea na 12 za kunasia, iwe zimeunganishwa na waya au la. Ukikiita kifaa hicho moja kwa moja kwa jina la hw:0 na kukipa faili la njia mbili, kitakataa kikisema idadi hiyo haipo. Dawa yake ni kutumia jina la kawaida, default, ili ALSA yenyewe izipange njia zako mbili mahali pake.

Ya tatu ilikuwa kwenye miksa, yaani sehemu ya kupangia viwango na njia za sauti. Miksa ya kawaida haitoshi kwa chipu hii. Kuna programu yake iitwayo envy24control, iliyomo kwenye kifurushi cha alsa-tools-gui, nayo ina ukurasa wa kuunganisha njia ambapo utaamua matundu ya RCA yatoe nini: sauti inayotoka kwenye programu, sauti inayoingia kutoka kwenye deki, au mchanganyiko wa miksa iliyo ndani ya chipu yenyewe. Katika kupapasapapasa kwangu nilikuwa nimeuweka mpigo wa saa ya kadi, ule unaopanga wakati wa kila kipimo cha sauti, ufuate S/PDIF. Kwa kuwa hakuna waya wa S/PDIF, hapakuwa na mpigo wa kufuata, na kila wimbo niliouanzisha ulikwama kwenye sekunde sifuri. Niliurudisha kwenye saa ya ndani, kilohezi 48, na sauti ikatoka kwa nguvu kiasi kwamba paka aliyelala juu ya kasha aliruka hadi dirishani. Baada ya hapo niliandika alsactl store, ili mipangilio hiyo ihifadhiwe na isipotee kompyuta inapozimwa.

Kuhusu kunasa kwenyewe, nimechagua biti 24 kwa kilohezi 48. Kadi inaweza mara mbili ya hapo, lakini kaseti za arusi zilizorudiwarudiwa hazina sauti nyembamba kiasi hicho, na kasi ya kilohezi 48 inabeba sauti hadi karibu kilohezi 24, juu kuliko sikio la binadamu linavyofika. Kwa mpango huo kaseti ya dakika 60 inakula takribani GB 1, kwa hiyo zote 43 zitaenea kwenye diski hata baada ya mfumo kuchukua sehemu yake. Ninatumia programu ya kunasia sauti iitwayo Audacity, na mwanzoni sauti ilikuwa ikikatika kidogo kila baada ya dakika chache. Nilipotazama faili la /proc/interrupts niliona kwamba kadi ya muziki na kadi ya picha zinapiga kengele moja. Kwenye ubao wa aina hii mara nyingi sloti ya PCI iliyo jirani kabisa na ile ya AGP, inayochomekwa kadi ya picha, ndiyo inayoshirikiana nayo. Niliihamishia kadi kwenye sloti ya tatu, ikapata kengele yake.

Nilikuza na bafa pia. Watu wa muziki hushindana kuipunguza, na wana sababu: bafa ya sampuli, yaani vipimo vya sauti, 256 kwa kilohezi 48 ni milisekunde 5.3, na mwimbaji anayejisikiliza kupitia kompyuta hukerwa na ucheleweshaji mkubwa. Kaseti haijisikilizi. Nimeiweka kwenye 2048, karibu milisekunde 43, prosesa inapumua, na ninapotaka kusikiliza deki wakati wa kunasa, nailekeza sauti yake kutoka tundu la kuingilia hadi la kutokea kupitia miksa ya ndani ya chipu, bila kupita kwenye programu yoyote.

Waya wa mtandao nimeuchomoa. Mafaili yanatoka kwa flashi, na mfumo hauguswi tena, kwani kwa jinsi nilivyofika hapa sina hamu ya kuujaribu bahati yake. Juzi umeme ulikatika katikati ya upande wa pili wa kaseti ya tisa. Uliporudi niliwasha, M2496 ikajitokeza mahali pake, saa yake ikiwa ya ndani, nikaurudisha ukanda nyuma na kuunasa upande ule upya.